Mahari ya Dada Yangu

Jumatatu, 15 Septemba

Mvua ya umuhindo, ile ya Septemba hadi Desemba, imeanza hapa Masaka, pembezoni mwa Kigali, siku nne baada ya sisi kupanda maharagwe. Mke wangu Kabagwira amefurahi. Mimi ninafungua daftari hili kwa sababu kesho ninaanza kazi nikiwa na umri wa miaka sabini na mmoja, na mtu anayeanza kazi huweka kumbukumbu.

Nitakuwa mkalimani katika kituo kidogo cha ushauri nasaha huko Rwezamenyo. Mnasihi wa pale anaitwa Annick, binti wa jirani yetu wa zamani. Anajua Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Kiswahili chake kinatosha kununulia nyanya. Ana mteja mmoja asiyetaka kuzungumza naye kwa lugha nyingine yoyote ila Kiswahili. Mimi nilikulia Ngara, nikasomea ualimu Tanzania, na nilifundisha sarufi kwa miaka thelathini na minne.

Nimetia saini ahadi ya kutunza siri. Kwa hiyo majina ya mteja na jamaa zake humu si yao, na daftari litakaa ndani ya sanduku lenye kufuli.

Jumanne, 16 Septemba

Sikupendezwa.

Mteja, nitakayemwita Pudentienne, ni mama wa Bujumbura mwenye umri wa miaka hamsini hivi. Anapiga pasi nguo za watu katika kibanda karibu na kituo. Annick alimuuliza angependa kukaa kiti kipi, mlango ufungwe au uachwe wazi, pazia lifunguliwe au la. Nilidhani ni adabu ya kuzidi. Mama yule hakuchagua kiti. Alisimama ukutani saa nzima. Annick naye akainuka, akasimama. Mimi nilibaki nimeketi, kwa sababu ya magoti, na kwa sababu mgeni akipewa kiti huketi.

Shida yenyewe ni hii. Pudentienne amemlea Gwiza, binti wa dada yake, tangu walipovuka kutoka Burundi miaka kumi iliyopita. Dada hakuvuka. Gwiza ataolewa tarehe 13 Desemba, na kiti cha mama wa bibi harusi ni cha Pudentienne. Anasema hawezi kukikalia. Gwiza amemjibu kwamba mama mdogo asipokaa pale, hakuna harusi. Posa imekwisha kupokelewa na kadi zinachapishwa.

Baada ya kusikia haya, Annick aliuliza nini? Aliuliza Pudentienne analalaje. Anakula saa ngapi. Miguu inamuuma wakati gani. Anacheka na nani. Saa ikaisha. Nilidhani nimekosea mlango nikaingia kwa mganga wa miguu.

Kuna jambo jingine. Annick anataka nitafsiri kwa nafsi ya kwanza: mteja akisema “mimi”, nami niseme “mimi”. Nilikataa. Nilisema “anasema kwamba”, kama ipasavyo kwa mtu anayeripoti maneno ya mwingine. Hakubishana. Alisema tuanze pale ninapoweza.

Nilimuuliza kwa nini mama huyu asiseme Kirundi, ambacho sisi sote tungekielewa bila mkalimani. Nimemsikia kwa masikio yangu akibishana na muuza mkaa kwa Kirundi safi. Annick alisema kwamba amechagua lugha kama alivyochagua ukuta.

Jumanne, 23 Septemba

Amesimama tena. Nimehesabu makosa kumi na tisa ya sarufi kwa saa moja. “Dada iko.” “Watu iko.” Kila kitu kwake ni iko. R na L anazibadilishana kama mtu asiyejua mkono wa kulia na wa kushoto. Nimeyaandika pembeni kwa wino mwekundu.

Bado tuko kwenye miguu. Imevimba. Annick amempeleka kwenye zahanati yeye mwenyewe, akamngojea.

Jumamosi, 27 Septemba

Palizi. Mvua asubuhi na jioni.

Jumanne, 30 Septemba

Leo amesema neno. Bila kuulizwa, katikati ya habari za usingizi, alisema: “Mimi nilikamata mahari ya dada yangu. Yeye akabaki.”

Nilimweleza Annick kwa Kinyarwanda kwamba mama amechukua inkwano, yaani mahari, ya dada yake. Annick aliniuliza kama nina hakika. Nilimwambia nina hakika kamili, nikamweleza sababu, kwa kuwa ninajua udhaifu wao wa R na L. Kama angekuwa na maana ya “mahali”, angesema “pa dada yangu”. Amesema “ya”. Upatanisho ni shahidi asiyehongeka. Annick alishukuru, wala hakumuuliza mama swali lolote juu ya jambo hilo. Alimuuliza kama angependa maji.

Baadaye aliniuliza: “Mwarimu, alipokuwa akilisema neno lile, wewe ulikuwa ukitazama wapi?”

Nilikuwa nikitazama daftari langu. Mkalimani atazame wapi?

(Ananiita Mwarimu. Nimemsahihisha mara tatu.)

Kumbe ndiyo hiyo siri ya kusimama ukutani. Alikula mahari ya dada yake, na sasa anaona haya kukaa mbele ya watu kwenye arusi ya mtoto wa yule aliyemnyang’anya. Ninakiri kwamba nilimtazama kwa jicho jingine alipokuwa akitoka.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekuta viti vyote vimetolewa isipokuwa changu. Mkeka umetandikwa. Annick alisema kama chumba kinamsumbua mteja, ni chumba kinachopaswa kubadilika. Pudentienne alivua viatu, akaketi mkekani, mara ya kwanza kumwona ameketi. Alinitazama kwenye kiti changu akasema: “Muzee peke yake ndiye mufalme.” Annick alicheka kabla sijatafsiri.

Waliweka nyayo chini, wakavuta pumzi polepole, wakaitoa. Hakuna zaidi. Baada ya dakika chache mabega ya mama yule yalishuka, nami nikagundua kwamba nilikuwa sijui kama yalikuwa juu.

Njiani kuelekea kituo cha pikipiki za abiria nilimuuliza Annick hasa anatibu nini. Alisema hatibu kiwewe, anakaa na mtu, na mtu haji vipande vipande: anakuja na miguu yake, chakula chake, sala zake, majirani zake. Nilitafuta Kiswahili cha wazo hilo kichwani. Mtu mzima. Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote kwa maana ya umri.

Jumanne, 14 Oktoba

Mama alilia. Annick hakumpa leso. Aliisogeza mkekani hadi mahali ambapo mkono ungeifikia, akaiacha. Nilimuuliza baadaye. Alisema ukimpa mtu leso mkononi, mara nyingi unamwambia anyamaze.

Nimewapa wanafunzi wengi leso katika maisha yangu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nilimwona Pudentienne mjini Muhima, mbele ya duka la vitambaa, akiwa na Gwiza. Kanuni ya kituo ni kwamba tusimsalimie mteja barabarani asipotusalimia yeye, ili asilazimike kueleza tunajuana wapi. Alinitazama, akapita. Nikapita. Mzee wa umri wangu kumpita mtu bila salamu! Nilimsikia Gwiza akimwambia kwamba mshonaji anataka vipimo vyake, na yeye akimjibu kwamba apime mtu mwingine.

Jumanne, 21 Oktoba

Ninaandika jambo hili kama lilivyotokea.

Kipindi kilikwisha mapema. Mama alirudia tena lile neno, mahari ya dada, akalia, na Annick akakaa naye kimya. Sikuweza kuvumilia. Wiki tano, arusi inakaribia, na hakuna aliyemwambia mama huyu lililo wazi. Annick alipokuwa akijibu simu ndani, nilimkuta Pudentienne kwenye baraza akivaa viatu. Nikamwambia, kwa sauti ya ualimu: “Mama, ulichochukua, kirudishe. Ndipo utakaa.”

Alisimama na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Aliondoka hivyo hivyo kwenye matope.

Kabagwira aliniuliza mbona siongei. Nikasema nimechoka na mvua.

Jumanne, 28 Oktoba

Hakuja.

Annick aliketi mkekani saa nzima kana kwamba mteja yupo. Nilimuuliza kwa nini tusiende kumtafuta, kibanda chake ni hatua mia mbili kutoka hapa. Alisema amemtumia ujumbe mmoja tu: saa yako ya Jumanne ni yako, chumba kiko wazi. Akienda kumvuta, itakuwa tena ni mtu mwingine anayemwamulia aende wapi.

Maharagwe yametoa maua.

Jumanne, 4 Novemba

Hakuja. Gwiza alikuja badala yake, akasimama mlangoni, akasema mama mdogo anasimama usiku na mchana, hata kula anakula amesimama, na kwamba atawaambia wakwe waahirishe. Annick alimsikiliza, hakumwambia siri yoyote ya mteja, akampa chai.

Alipoondoka nilimweleza Annick nilichokifanya barazani. Nilieleza kwa ukamilifu, tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Nilitarajia aniondoe kazini, na ningekubali. Alisema ni kosa kubwa, na kwamba tutalirekebisha mbele ya mwenyewe kama atarudi. Kisha akaniuliza: “Ulipomwambia vile, mwilini mwako ulisikia nini, na wapi?”

Nilikasirika. Nikamwambia mimi si mteja. Lakini jioni, nikirudi kwa pikipiki, kofia ikiwa imenibana kichwa, nilipata jibu. Kooni. Palikuwa pamekaza kooni, kama wakati nilipokuwa na umri wa miaka minane tukivuka mpaka wa Rusumo kukimbilia Ngara na baba akaniambia nisitoe sauti.

Sijawahi kumweleza mtu jambo hilo. Nilimweleza Kabagwira tukila. Aliweka kijiko chini. “Baba Shema,” alisema, “miaka arobaini na sita unanisahihisha, leo ndiyo mara ya kwanza umeniambia kitu.”

Jumanne, 11 Novemba

Amerudi.

Aliingia mvua ikiwa imeshika kasi, ameloa, viatu mkononi. Hakungoja kuulizwa kuhusu mlango wala pazia. Alisimama ukutani akanielekea mimi, wala si Annick.

“Muzee, wewe uliniambia nirudishe. Mimi nataka kurudisha mahari ya dada. Nitarudisha namna gani, na yeye iko sijui wapi?”

Nilitafsiri. Nikasema inkwano. Annick alimtazama mama, kisha mimi. Alisema polepole: mwambie asituambie chochote. Kama anapenda, atuonyeshe kwa mikono. Kama hapendi, basi.

Chumbani mlikuwa na kiti kimoja, changu. Pudentienne akasema: “Muzee, simama kidogo.”

Nilisimama. Alipiga magoti kando ya kiti, akaweka kiganja pale nilipokuwa nimekalia, pakiwa bado pana joto, akapapasa kama anavyonyosha kitambaa kabla ya kukipiga pasi.

“Hii,” alisema. “Hii ndiyo mahari ya Kankindi. Mimi nilikaa. Yeye akabaki.”

Nimefundisha ngeli ya mahali kwa miaka thelathini na minne. Nimeichora ubaoni: pa, ku, mu. Nilimwadhibu mwanafunzi aliyesema “mahali yangu”. Sasa ngeli hiyo ilikuwa imepiga magoti mbele yangu na mimi ndiye niliyekuwa siijui. Wala sikudanganywa na ile R. Nilidanganywa na “ya”, upatanisho wangu mwenyewe, nilioudai kwa mtu ambaye hakuwahi kufundishwa.

Nilimwambia Annick kwa Kinyarwanda: “Nimekosea tangu Septemba. Si inkwano. Ni umwanya.” Mahali, nafasi ya mtu.

Hakushtuka. Alisema nimwambie na mwenyewe.

Nikamwambia. Nilimwomba radhi kwa jina lake, nikiwa nimesimama, kwa kuwa sikuwa na kiti.

“Ulifikiri mimi nilikula ng’ombe za dada?”

Nikasema ndiyo.

“Muzee. Dada aliolewa na fundi wa baiskeli. Ng’ombe gani?”

Akacheka hadi akashika mguu wa kiti. Kicheko kiligeuka kilio, kilio kikarudi kuwa kicheko, na Annick hakukizuia kimoja wala kingine.

Kisha alisimulia, kwa Kiswahili chake, nami nikafuata nyuma yake. Mwaka ule watu wengi walikuwa wanavuka. Palikuwa na gari dogo, limejaa, limebaki na nafasi moja, na nafasi ile ilikuwa imewekwa kwa jina la Kankindi, dada yake. Dereva hakutaka kungoja. Kankindi alimsukuma mdogo wake kwa mabega akamkalisha, akampakatisha Gwiza, wa miaka kumi na mmoja wakati huo, akamtupia mtoto kitenge chake ajifunike, akafunga mlango. Alisema maneno machache dirishani, kwa Kirundi, kwamba atakuja na gari linalofuata. Hapakuwa na gari lililofuata. Hakuna kaburi, hakuna habari. Tangu siku ile, kila kiti mbele ya watu ni kile. “Na Kirundi ni sauti ya dada,” alisema. “Nikiongea mambo haya kwa Kirundi, nasikia mlango inafungwa.”

Mama alipoondoka, Annick aliniambia alichokiona. Tangu tarehe 30 Septemba, kila mara mama alipolisema neno lile, alijisogeza nusu hatua pembeni, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi. “Nikafikiri, mtu anayesema habari za ng’ombe hajisogezi.” Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema hakuwa na hakika, na kwamba kitu chenyewe hakikuwa chake wala changu.

Msichana huyu hajui kunyambua kitenzi kimoja cha Kiswahili. Alikisikia kile ambacho mimi, mwenye lugha, sikukisikia. Nimekaa na jambo hili jioni yote.

Nilikuwa nimekwisha kuvua viatu nyumbani ndipo nilipokumbuka. Nilipokuwa nikitafsiri habari ile ya gari, sikusema “anasema kwamba”. Nilisema: Nilikaa. Yeye akabaki.

Jumatano, 12 Novemba

Katika sarufi tunaita nafsi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nimelitamka neno nafsi labda mara elfu hamsini. Leo nimelitazama.

Jumanne, 18 Novemba

Viti viwili vimerudishwa, kwa ombi la mama. Alikaa kwa pumzi tatu, akainuka. Akakaa kwa pumzi tano, akainuka, akatoka nje, akarudi. Annick hakumsifu kama mtoto. Alimuuliza nyayo zake zinasikia nini. “Saruji,” alisema. “Saruji ya Kigali.”

Nimeacha kuandika makosa pembeni.

Jumanne, 25 Novemba

Pumzi ishirini. Aliuliza tena swali lake: mahari itarudishwa namna gani. Annick alisema hajui. Sikuamini masikio yangu. Shahada mbili, na anamwambia mteja “sijui”! Lakini nilimwona mama akilipokea neno lile kama mtu aliyepewa ufunguo ashike mwenyewe.

Jumanne, 2 Desemba

Tumekwenda sote watatu kuuona ukumbi, ukiwa mtupu. Pudentienne alichagua upande wa mlango. Alipanga kiti chake, akakisogeza nusu hatua, akavuta kingine akakiweka pale alipoacha nafasi. Alivitazama vyote viwili. Hakuna aliyemuuliza.

Jumatatu, 8 Desemba

Tunang’oa maharagwe. Gwiza ameleta kadi ya mwaliko mkononi, yangu na Kabagwira, na ya Annick. Amesema ni mama mdogo aliyeandika majina.

Jumanne, 9 Desemba

Amekuja na kitenge cha Kankindi. Amekitunza miaka kumi kimekunjwa, hajawahi kukipiga pasi, yeye anayepiga pasi nguo za mtaa mzima. Aliuliza, akimtazama Annick, kama akikipiga pasi harufu itatoka. Annick alisema huenda ikatoka. Walikaa na jambo hilo mpaka saa ikaisha. Nami nilikaa.

Jumamosi, 13 Desemba

Mvua haikunyesha.

Tulifika mapema. Pudentienne aliingia pamoja na Gwiza, kichwa kimefungwa kwa kitambaa cha rangi ya maziwa. Alituona. Alikuja moja kwa moja akanisalimia yeye kwanza, kwa mikono miwili, mbele ya watu wote, akawaambia wakwe: “Huyu ni mwalimu wangu.” Alisema mwalimu, kwa L.

Kisha akaenda kwenye nafasi yake. Kitenge alikuwa amekileta kwapani, kimenyooka, mikunjo minne iliyo sawa. Alikitandaza juu ya kiti cha kushoto, akakilainisha kwa kiganja. Annick, kando yangu, alikuwa ameacha kupumua. Nilimwona, nami nikamwonyesha kwa mkono kwamba atoe pumzi. Pudentienne alisimama mbele ya kiti cha kulia kwa muda uliowatosha wageni kuanza kutazamana. Akaketi. Gwiza, aliyebaki mlangoni, alikuwa akimtazama, na sasa ndipo alipoanza kutembea.

Zilisemwa hotuba nyingi. Ukumbi ulijaa na viti vikapungua, kama inavyotokea kila arusi. Bwana mmoja mnene mwenye suti, mgeni wa upande wa pili, alichelewa. Alitazama huku na huku, akaona kiti chenye kitambaa tu. Akaenda, akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti, akainama akamuuliza Pudentienne kama pana mtu.

Niliinuka nusu. Nilikuwa tayari kwenda kumtafsiria.

Pudentienne hakunitazama. Aliweka mkono wake juu ya kitenge, akainua uso, akamjibu yule bwana kwa Kirundi kwamba hapo ni pa dada yake, kwa sauti ya kawaida, ambayo watu wa meza tatu waliisikia. Nililielewa kila neno. Yule bwana alisema samahani, mama, akaenda kusimama ukutani.

Nami nikakaa mahali pangu.